Kibao cha Shaba

"Hizo kilo umezitoa wapi?" mwenyekiti wa wakulima aliniuliza nilipomaliza kuwasomea wazee hesabu za kiwanda cha chai. Meneja alikuwa amenikodolea macho.

Jana meneja alinipigia simu. "Nyabate, gharama za kiwanda zigawanye kwa kilo chache, zile tunatengeneza kawaida." Nilimwelewa. Kila kilo ingebeba mzigo mkubwa, na kwa vile chai nyingi haijauzwa, mzigo ungelala nayo stoo. Faida ingependeza, naye angeongezewa mkataba.

Mimi niligawanya kwa kilo zote ambazo mashine yetu kubwa inaweza kutoa. Gharama ya kilo ambazo hazikutoka ikakosa pa kujificha, ikaangukia yote kwenye faida. Hesabu ikasoma hasara.

"Makosa ya karani tu," meneja akasema. "Mtoto wa mchambua chai, mlitegemea nini?"

Mama alichambua chai hapa hadi siku ile mashine kubwa ilipozinduliwa. Meneja alimtoa getini kwenye mvua, pekupeku, akamkataza hata kurudia gamubuti zake. Mimi ndiye niliyemwosha miguu jioni hiyo.

"Twendeni niwaonyeshe," nikasema.

Mashine ile ilikuwa baridi na buibui amejenga mdomoni mwake. Ubavuni kuna kibao cha shaba alichokibandika meneja mwenyewe siku ya uzinduzi. Nilikifuta kwa kiganja polepole, nikisikia kila herufi chini ya vidole, hadi kikang'aa.

"Wasomee wazee, boss," nikamwambia. "Kilo inazoweza kutoa zimeandikwa hapo juu. Jina lako liko hapo chini."