Kisanduku cha Maoni

Kisanduku cha maoni kilikaa kimya, na kimya chenyewe hakikuniingia akilini.

Wiki iliyopita, katika kazi yangu ya kupima usalama wa mifumo, niliandika humo mstari mfupi wa msimbo wa kompyuta. Shemeji yangu, fundi aliyeutengeneza mfumo huu wa hospitali, alipofungua ukurasa wa kusoma maoni, dirisha dogo lilichomoza kwenye skrini yake, na ndani yake neno nililoliweka kwenye mstari ule: "Jaribio." Maana yake mtu yeyote angeweza kupenyeza amri zake kwa njia hiyo, akachungulia mafaili ya wagonjwa.

Leo nimetuma mstari uleule. Hakuna kitu.

"Si nilikwambia tundu hilo nimeshaliziba?" alisema shemeji, akinisogezea kikombe cha chai. "Pitisha basi. Kesho wagonjwa wanaanza kuutumia."

Tangu amwoe dada yangu, hajawahi kunitengenezea chai.

"Umeziba vipi?"

"Wewe nawe. Huniamini?"

Mimi kila ninapopima huandika neno hilohilo, "Jaribio". Ni uvivu tu, na yeye anaujua. Nikajiuliza kama ameziba tundu, au amelizuia neno langu tu. Nililifuta, mstari uliobaki nikauacha vilevile, nikaweka neno jingine, nikatuma.

"Hebu fungua maoni upya."

Kidole chake kiliganda juu ya kitufe. Ukucha wake ulikuwa umetafunwa hadi kwenye nyama.

"Chai yako inapoa," alisema.

"Fungua tu."

Alibonyeza. Dirisha likachomoza katikati ya skrini yake, na ndani yake neno moja: "Shemeji."