Swichi Isiyo na Subira

Mzee Mwalimu Shekuwe aliirudisha taa yake kwa fundi kwa mara ya tatu. Ilikuwa na kitufe kimoja tu: ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazima.

Fundi Mwanahawa akabonyeza. Ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima. Alikwisha kubadilisha chipu inayopokea amri za kitufe mara mbili, na kitufe pia, na kila mara aliijaribu kwa mkono wake mwenyewe, ule uliosifiwa mji mzima kwa kutotetemeka.

"Kwako inatii," mzee alisema. "Kwangu inawaka na kuzima papo hapo. Basi, niache niendelee kuwashiwa taa kama mtoto."

"Hebu ibonyeze wewe, Mwalimu."

Safari hii Mwanahawa hakuitazama taa. Alikitazama kidole cha mzee kikitetemeka juu ya kitufe, na kila mtetemo chipu iliupokea kama amri mpya.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema taratibu. "Siku zote nimekuwa nikiitengeneza kwa ajili ya mkono wangu."

Akang'oa kapasita, kihifadhi umeme kilichokuwa kidogo kama punje ya mtama, akalehemu nyingine yenye ukubwa wa harage. Hiyo ingechelewa kujaa umeme, na chipu ingelazimika kungoja kabla ya kupokea amri nyingine.

"Sasa itakusikia neno la kwanza tu."

Mwalimu akabonyeza. Taa ikawaka. Kidole kiliendelea kutetemeka palepale, kivuli chake kikicheza ukutani, na mwanga ukatulia tuli.