Nukta za Zambarau

"Toa mkono wako kwenye injini yangu!"

Mama aliyekuwa ameinama hakuutoa. Alikuwa ameingia gerejini bila kubisha wala kusalimu, mkoba begani, akapita moja kwa moja hadi kwenye injini iliyofungwa juu ya stendi, kifuniko chake cha juu kikiwa bado hakijarudishwa.

"Natafuta mtu wa kujenga injini," alisema. "Ya mashindano."

Mwenye gereji, ambaye mtaa mzima ulimwita Pistoni, alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Habari za mama huyu zilikuwa zimemtangulia. Wiki nzima alikuwa akizunguka gereji za mjini, anachungulia injini za watu, anatoa kasoro, anaondoka bila kuaga. Jana alimwambia fundi wa ng'ambo ya barabara, hasimu mkubwa wa Pistoni, kwamba injini yake ingefaa kusagia unga. Pistoni alicheka mpaka akashika ubavu. Leo hakucheka. Neno kama hilo likitoka gerejini mwake, madereva wachache waliombakia wangevuka barabara.

"Ni ya gari gani?"

"Tutafika huko."

"Mama, injini si kiatu, kwamba unajaribujaribu kisha unarudisha. Kwani nyumbani hakuna mwanamume wa kuja kuzungumza na mafundi?"

"Yupo. Nimemwacha anapika."

Mchomeleaji wa gereji, aliyekuwa kazini pembeni, aliangua kicheko nyuma ya kinyago chake. Pistoni alimtupia jicho, kicheko kikakatika.

"Ni kwa ajili ya mwanangu," mama aliendelea, bado ameinama. "Mara ya kwanza niliamua kwa pupa, nusura nimpoteze kabisa. Safari hii sikosei. Na hapa kwako ndipo mwisho. Nikitoka hapa sina pengine pa kwenda."

Pistoni akaliona lote kichwani: kijana, kona kali, injini inanoki, inakwama ghafla gari likiwa kwenye kasi. Wateja wenye uchungu wa namna hiyo walikuwa wakorofi, lakini wakisharidhika hawahami. Akalegeza sauti, kidogo tu.

"Basi umefika. Kila injini inayotoka hapa imepita kwenye mikono hii."

Alimwonyesha mikono. Vidole vilikuwa vinene kama vipini vya nyundo.

Kule nyuma, katika chumba kilichofungwa mlango, redio ilikuwa ikiimba. Katikati ya wimbo ikasikika spana ya kipimo, ile inayolia bolti ikishakaza sawasawa: ta! Kimya kidogo. Ta!

"Na huyo?"

"Anasafisha vifaa. Hakuhusu."

"Anasafisha kwa spana?"

"Mama, umekuja kununua au kupeleleza?"

Mama aliinama zaidi. Alikuwa ameona kitu. Juu ya kichwa cha kila bolti kulikuwa na nukta moja ya zambarau, ndogo kama kichwa cha pini, na zote zilikaa upande mmoja, kama zilizopangwa kwa uzi. Alikwangua moja kwa ukucha. Haikutoka.

"Hii nini?"

"Alama. Bolti ikishakazwa kwa kipimo, inatiwa nukta. Isiyo na nukta haijakazwa. Hapo ndipo wenzangu wanapoua watu: wanakaza kwa kukumbuka."

"Wenzako wanatumia kalamu nyeupe. Nimeona kote."

"Kalamu inaondoka na mafuta. Hiyo ni rangi ya kucha."

"Rangi ya kucha," mama alirudia polepole. "Nani alikufundisha?"

"Nifundishwe na nani? Nimebuni mwenyewe."

"Unanunua wapi?"

"Dukani."

"Duka gani?"

"La... la rangi."

Mchomeleaji alipatwa na kikohozi cha ghafla.

"Na hivyo vidole vyako ndivyo vinavyopaka kitu kidogo hivi?"

"Sikiliza!" Pistoni aligonga meza, spana zikaruka. "Mimi sikukuita hapa. Kama hupendi kazi yangu, barabara ile, ng'ambo ile, nenda kasagishe unga!"

Mama hakushtuka. Alikuwa akipitisha kidole juu ya nukta moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayehesabu watoto waliolala.

"Kwangu niliwahi kumfukuza mtu kwa kumaliza chupa yangu ya rangi kama hii," alisema. "Nilimkuta anaipaka kwenye skrubu za cherehani yangu."

"Kwa chupa moja tu?" Pistoni alicheka kwa dharau. "Una roho ngumu, mama. Si ajabu gereji zote zimekushindwa."

"Ilikuwa ngumu. Kweli."

Aliponyanyuka, macho yake yalikuwa mekundu. Pistoni hakujali, mvuke wa petroli huwafanya hivyo wasiouzoea.

"Haya. Umechagua, au unaendelea kunipotezea muda?"

"Nimechagua. Ni hapa."

Pistoni alivuta pumzi. Tayari alijiona akilitembeza jina la mteja huyu mbele ya hasimu wake: mama aliyezikataa gereji zote, isipokuwa moja.

"Basi lete gari."

"Gari sina."

Alifungua mkoba, akatoa kichupa cha zambarau ambacho rangi yake ilikuwa imegandia shingoni, akakiweka juu ya meza, katikati ya spana. Kisha akaugeukia mlango wa nyuma, na sauti iliyomtoka haikuwa na makali hata chembe.

"Binti yangu! Na hiki nacho njoo ukimalize."

Chumbani, redio ilizimwa.