Wekundu wa Kulukulu

Kwa siku tatu Shaibu alikuwa akimchora kulukulu wa Bi Mwanaheri, ndege wa kijani aliyelelewa tunduni tangu angali kinda. Bibi huyo alikuwa anahamia mbali, kwa bintiye, na alikwisha kumwahidi jirani ndege huyo. Alitaka angalau aondoke na picha.

Siku ya tatu aliitazama kwa muda mrefu. "Amefanana," alisema, "lakini amepooza."

"Bado sijauona wekundu wake, bibi. Kulukulu huuficha ndani ya mbawa, hauonekani mpaka aruke."

"Miaka saba ninaye, na mimi sijauona."

Shaibu alijuta kusema. Bi Mwanaheri aliweka kikombe chake chini, akalibeba tundu hadi uani, akaufungua mlango.

"Atakwenda zake, bibi."

"Kila asubuhi wenzake humwita kutoka msituni, nami najifanya kiziwi. Wewe tazama vizuri, uchore utakachokiona."

Kulukulu alikaa mlangoni kitambo, kama mgeni asiyejua pa kuvulia viatu. Kisha akakunjua mbawa, na wekundu ukawaka ua mzima. Shaibu alisahau kwamba ameshika brashi.

Ndege alitua juu ya ukuta akiyumba, mbawa zikihema. Bi Mwanaheri alijiziba mdomo kwa pindo la kanga, asije akamwita kwa jina. Kule msituni mwenzake mmoja alilia, na kulukulu akageuza shingo.