Harufu ya Dirisha la Mikate

Mama Pua aliinama chini ya dirisha la duka la mikate, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Akasikia harufu ya rangi mbichi. Akasikia sabuni ya deki, na marashi ya mwanamke aliyepita nyuma yake. Mkate wa mdalasini? Wapi!

Duka lenyewe halikuwahi kuoka hata andazi. Mikate ya dirishani ilikuwa ya plastiki, na hiyo ilikuwa siri moja tu kati ya siri za bustani ile kongwe ya michezo. Ndege walioimba kwenye maua walikuwa spika. Ghorofa za juu zilijengwa ndogo makusudi, ili mtu akitazama kutoka chini aone nyumba zinagusa mawingu. Na harufu ya mkate ilitengenezwa na mashine chini ya ardhi, ikapandishwa kwa bomba hadi kwenye matundu yaliyofichwa chini ya dirisha. Watu wazima na ndevu zao walifika pale wakafumba macho. Wengine walilia kabisa.

Kazi ya Mama Pua ilikuwa kunusa. Kila asubuhi geti likifunguliwa anainama dirishani, kisha anashuka ngazi, anagonga mlango wa chuma wa fundi wa mashine na kumwambia harufu iko sawa au imepungua. Ndani haingii. Mwiko huo ulikuwepo tangu enzi za mwenye bustani wa kwanza: pua ikikaa karibu na mashine itazoea, na pua iliyozoea imekufa.

Ya kwake ilikufa hivyo hivyo, mwiko ama si mwiko. Asubuhi moja mwaka uliopita aliinama asisikie kitu. Kesho yake vilevile. Vitunguu vya nyumbani alivisikia, petroli aliisikia. Ni mkate tu uliomkimbia. Daktari alimwambia mambo hayo hutokea, pua huichoka harufu moja ikaisusa. Dawa hakuna.

Aseme? Akishasema, halafu? Chumba walichokaa nyuma ya bustani kilikuwa cha kazi, na mumewe alikuwa kitandani, miguu imegoma. Kazi ikienda, chumba nacho kinaenda. Basi akawa anatazama nyuso za wageni. Akiwaona wamefika dirishani, wameiona mikate, wamefumba macho na kuguna kwa utamu, anashuka kugonga mlango.

"Iko sawa," anasema.

Hata nzi waliokuwa wakiyazonga yale matundu walishahama. Akaisifu sabuni ya deki kwa kuwafukuza.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mwaka ule wema ulimzidi. Alimtolea chai mlangoni. Alimwombea dua, Mungu amlipe, amzidishie, mpaka anayeombewa akaona haya. Mama Pua alijua tu kwamba mwenzake ameshagundua na anamhurumia. Ilimuuma, maana huruma ya namna hiyo huwezi hata kuikataa.

Sasa meneja mpya alikuwa amesimama nyuma yake, na kando ya meneja binti mwenye cheti cha mambo ya harufu. Meneja alishasema bila kuzunguka: bustani haiwezi kulisha pua mbili. Atakayemweleza vizuri hali ya harufu leo ndiye atakayebaki.

Binti alinusa kidogo tu. Akasema harufu ni nzuri, ila mdalasini umezidi. Meneja naye akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Alisema anaisikia mpaka tumboni, inamkumbusha jikoni kwa bibi yake.

"Na wewe, mama?"

Akainama tena. Rangi, sabuni, marashi. Angeweza kudandia maneno ya binti, lakini wangemuuliza umezidi kwa kiasi gani, angejibu nini? Alitafuta uso wa mgeni wa kumsaidia, wote walikuwa wamefumba macho. Akainuka, akamgeukia meneja.

"Sisikii kitu," alisema. "Mwaka mzima sijasikia kitu hapa."

Meneja hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimshukuru kwa kusema ukweli, akampa mpaka mwisho wa mwezi awe ametoa vitu chumbani. Binti alikuwa anatazama viatu vyake.

Akashuka ngazi. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia baba watoto, na hakuyapata. Mlangoni kwa fundi alinyoosha mkono kugonga, kama kawaida. Akakumbuka kwamba yeye si pua ya mtu tena. Akausukuma mlango akaingia.

Alitamani aisikie mara moja tu, angalau hapo kwenye chimbuko lake, aiage. Akavuta pumzi. Grisi. Vumbi. Chai iliyopoa. Hata hapa, Mungu wangu, hata hapa! Machozi yakamtoka.

Fundi aliinuka haraka kitini na spana yake mkononi. "Dada, humu huingii."

"Leo naingia, kazi yangu imekwisha. Nimemwambia meneja ukweli. Nimemwambia mwaka mzima sijasikia harufu yoyote pale dirishani."

Spana ilimponyoka fundi. Alijishika ukutani, akakaa taratibu juu ya turubai lililofunika mashine, na vumbi likatimka.

"Tangu nilipoiunguza hii mashine umenisitiri, dada, mwaka mzima," alisema. "Leo nimekukosea nini?"