Kisanduku cha Wifi

"Mji mzima huu hakuna anayejua kubandua stika kama mimi," Bi Siwema alijisifu peke yake jikoni. "Ila ile stika ya kwenye tufaha tu, hiyo niliila."

Kisanduku kilikuwa cha wifi yake, Zulekha, muuza visheti. Cha plastiki ngumu, angavu kama kioo. Siwema alikiazima apangie zawadi za harusi ya bintiye. Harusi ikapita, naye akakibandika stika, "Visheti vya Siwema", akauzia mtaa wa pili mwezi mzima. Leo wifi anakuja kukichukua.

Karatasi ilitoka, gundi ikang'ang'ania. Petroli hakuigusa, maana ingeitia plastiki ukungu, na kisu kingeacha michirizi. Alipaka mafuta ya kupikia, akangoja, akasugua kwa kidole taratibu mpaka gundi ikajiviringa, kisha akaosha kwa sabuni na kitambaa laini. Kikatakata.

Zulekha alikigeuza huku na huku. "Kama kipya, wifi! Hukukitumia kwa jambo jingine?"

"Mimi? Wallahi, tangu harusi kimelala chini ya kitanda."

Jirani akachungulia mlangoni, sahani mkononi. "Hodi, Bi Siwema! Leo hutoki? Watoto wanavililia visheti vyako." Akakiona kisanduku. "Ala! Mbona kitupu?"

Zulekha alikiinua hadi usawa wa macho, akamtazama wifi yake kupitia plastiki ile. Hapakuwa na hata doa moja la kujifichia.