Firigisi ya Kitanda cha Tatu

Firigisi haikuwamo kwenye bakuli. Ignasi aligeuza paja, akageuza shingo, akachungulia hata chini ya bamia. Hakuna.

"Mama Teofili, firigisi iko wapi?"

"Nimempelekea mgonjwa," Rosa alijibu, huku akiendelea kusugua sufuria.

Mwanamume wa hapa Mnero husamehe mengi, lakini firigisi ni ya mwenye nyumba. Ukimpa mwanamume mwingine, ni kama umempa na kofia ya mumeo aivae. Ignasi alisukuma bakuli mbali. Hakuwa na haja ya kuuliza ni mgonjwa gani.

Alikuwa Shaibu, mkulima wa ufuta kutoka Ruangwa, wa kitanda cha tatu, mwenye kidonda cha mguu na meno meupe kupita kiasi. Mkewe alimleta kwa lori, akashinda siku mbili na akina mama kwenye jiko la wagonjwa, kisha akarudi kwa watoto wake. Hospitali ya misheni ilitoa dawa na kitanda. Chakula kilikuwa kazi ya ndugu. Na tangu wiki ileile mama yake Ignasi alipovunjika paja akitoka msibani kwa ndugu zake Nambilanje, upande wa Ruangwa, akalazwa kituo cha afya cha Ruangwa, Rosa alikuwa akimpikia Shaibu kila mchana.

Si kupika tu. Kuku alimpeleka kwa Isihaka amchinje, ili Mwislamu wa watu ale kwa amani. Akachambua mchele. Akatoka amevaa kitenge cha Pasaka.

Ignasi alikuwa fundi mwashi wa wodi mpya, na kutoka juu ya jukwaa aliona kila kitu kupitia dirishani. Shaibu akisema neno, Rosa akicheka mpaka anashika ubavu. Nyumbani hakucheka hivyo tangu Kwaresima. Kwa wivu Ignasi akapanga safu nzima ya matofali upogo, akalazimika kuibomoa.

"Baba Teofili," Rosa alijaribu jioni moja, "huyu Shaibu na mama yako..."

"Usimtaje mama yangu na huyo mtu kwa pumzi moja!"

"Nisikilize kwanza."

"Sisikilizi. Mama yangu yuko salama."

Na kweli alikuwa salama. Dereva wa lori alileta salamu zake kila wiki: mfupa unaunga, anakula anashiba, juzi kapata hata samaki wa kukaanga. Ignasi aliwashukuru moyoni ndugu zake wa Nambilanje. Hao ndio watu, alijiambia, si kama wanawake wengine wanaolisha waume za watu.

Jumapili, baada ya Misa, Padre aliwabakiza waumini kanisani. Alitaka chungu cha pamoja: kila nyumba ilete kibaba cha unga kwa ajili ya wagonjwa wasio na ndugu karibu, Mkristo kwa Mwislamu. Katekista Eusebio alisimama kumuunga mkono. Kanisa linafundisha, alisema, kwamba mgonjwa ni wa wote, na heshima yake haipimwi kwa ukoo wala kwa ubatizo.

Ignasi akanyoosha mkono. Sauti yake ilitetemeka, na watu wakadhani ni uchungu wa njaa ya wengine.

"Padre, mimi mama yangu amelazwa kule kwao Ruangwa. Nani hapa amempelekea unga? Analishwa na ukoo wake, na ananenepa. Chungu cha wote hakina mwenyewe, kitaungua. Kila mtu alishe wa kwake!"

Wanaume wakapiga makofi. Upande wa wanawake, Rosa alisimama, akafungua kinywa. Ignasi alimkata jicho, naye akaketi taratibu. Padre akasema jambo hilo liahirishwe.

Njiani Ignasi alimwambia mkewe: kuanzia leo, hata ukoko usitoke nyumbani kwangu kwenda kitanda cha tatu. Rosa hakubisha. Jumatatu alfajiri alikwenda barabarani, akazungumza kwa muda mrefu na dereva wa lori, akarudi macho mekundu. Ignasi alimwona, akajisemea: analia kwa ajili yake. Siku nzima alipiga mluzi kazini, na matofali yakanyooka.

Jumanne Shaibu alikula viazi viwili alivyogawiwa na mgonjwa jirani. Kutoka jukwaani Ignasi aliona, na aibu kidogo ikamgusa. Akageukia upande mwingine.

Alhamisi mchana, katikati ya manyunyu, mwanamke alishuka kwenye lori, tope mpaka magotini, chungu kichwani. Alikuwa Ashura, mke wa Shaibu. Ignasi aliposikia ni nani, furaha ilimjaa: mwenye mume amekuja! Akashuka jukwaani mbio, akampokea chungu, akamwonyesha penye kuni kavu.

"Karibu sana, mama. Pole na safari. Umefanya vizuri kuja mwenyewe."

Ashura alimtazama usoni. "Wewe ndiye Baba Teofili? Umefanana naye. Pua hiyohiyo."

"Nimefanana na nani?"

"Na mama yako. Ndugu zenu wa Nambilanje hawakufika hata mmoja, basi mimi na Rosa tukapatana hapahapa jikoni: yeye ampikie mume wangu, mimi nimpikie mkwewe." Akainama kupanga mafiga. "Lakini dereva amenifikishia neno lako, kila mtu alishe wa kwake, nami nimekuja kwa wangu. Wako nilimnywesha uji jana alfajiri, kabla sijapanda lori. Tangu hapo sijui."